Washenga na Mkanda wa Kofi

Nyumbani kwa mama mkwe wangu, Ngamiani, Tanga, mgeni huelezwa sheria moja kabla hata hajaonyeshwa bafu liko wapi: matokeo ya mieleka hayatajwi mpaka Mama awe amekaa kwenye kiti chake na runinga imewashwa. Si mtoto wala mtu mzima anayesamehewa. Shehe mmoja aliyekuja kusoma dua aliwahi kuambiwa hivyo hivyo, kwa adabu zote, na akakubali.

Sheria hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 2019 SmackDown, onyesho la mieleka la kila wiki, ilirushwa moja kwa moja kutoka Marekani kila Jumanne usiku. Kwa saa zetu ilikuwa imeshafika Jumatano, saa kumi alfajiri, na wenzetu walipobadili saa zao mwezi Machi ikawa saa tisa usiku. Sisi tuliipata jioni. Kijana wa kibanda cha movi aliipakua asubuhi, kisha shemeji yangu, kitinda mimba wa Mama, alipita kwake akitoka kazini, flashi mfukoni. Baada ya isha, sinia zikishaondolewa, flashi ilichomekwa na nyumba ikatulia. Kwa hiyo kutwa nzima ya Jumatano kila mwenye simu Tanga nzima aliweza kujua kilichotokea, na Mama alipita katikati yao akienda sokoni na kurudi bila kujua. Kulinda masikio yake ilikuwa kazi ya familia yote.

Mama hakuanza jana. Miaka ya tisini baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alimpeleka kwenye kibanda cha video kutazama kanda za WWF, kama kampuni yenye SmackDown ilivyoitwa wakati huo. The Undertaker alikuwa ndiyo kwanza ameingia, Novemba 1990, na Mama alimpenda kwa vile hakuwa na haraka. Lakini katika kanda hizo alikuwamo pia mtu aliyeitwa Kamala, Jitu la Uganda. Alitembea pekupeku, amepakwa rangi usoni na tumboni, hasemi neno lolote, na hadithi aliyopewa ilidai kwamba aliwahi kuwa mlinzi wa Idi Amin. Jina lake halisi lilikuwa James Harris, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Mississippi. Agosti 1992 alipambana na The Undertaker katika uwanja wa Wembley, London. Kanda ya pambano hilo ilipofika Tanga, baba mkwe alikwenda kuitazama pamoja na Mama na mdogo wake mmoja, ambaye sisi humwita Ami.

Ndugu hao wawili walipigana Vita vya Kagera. Waliingia Uganda mwaka 1979 kwa miguu, wakapokewa na Waganda, wakala matoke yao. Ami alitazama dakika chache, akasimama, akavaa makubadhi yake akatoka, na tangu siku hiyo akaipa mieleka mgongo. Baba mkwe alibaki mpaka mwisho. Walipokuwa wakirudi nyumbani alimwambia Mama maneno ambayo Mama amenisimulia mara nyingi: Uganda nimeiona, na mtu wa namna ile sikumwona.

Bila kujua hayo huwezi kuelewa kwa nini jina la Kofi Kingston liliwekwa mahali pa heshima nyumbani kwetu. Kofi alizaliwa Ghana mwaka 1981, akakulia Marekani. Alipoletwa kwenye runinga mwaka 2008 alitambulishwa kuwa ametoka Jamaika. Mwaka uliofuata waliacha hilo, wakaanza kutangaza Ghana. Hakupakwa rangi, hakupewa mkuki, alizungumza kama mtu mwenye akili zake. Alishinda mikanda ya daraja la pili na ile ya wachezaji wawili wawili mara nyingi, ila mkanda mkubwa hakuwahi kuushika. Miaka kumi na moja alikuwa mtu wa kufungua mlango ili wengine wapite. Mama alikuwa akimtazama na kusema, "Huyu anajua kungoja."

Februari 2019 mlango ukabaki wazi kwa bahati. Mustafa Ali, aliyekuwa amepangwa kugombea mkanda, aliumia, na nafasi yake akapewa Kofi. Tarehe 12 wagombea waliwekwa kwenye pambano la mfululizo: wawili wanaanza, anayeshindwa anatoka, anaingia mwingine, mpaka waishe. Kofi alimbana Daniel Bryan, bingwa mwenyewe, akahesabiwa tatu. Akamshinda Jeff Hardy. Akamshinda Samoa Joe. Alikuwa amekaa ulingoni zaidi ya saa moja AJ Styles alipomkamata mguu na kumlazimisha kugonga sakafu kukubali kushindwa. Watazamaji wa kule walisimama kumshangilia aliyeshindwa. Kwetu, wali uliokuwa umebaki sahaniani ulikauka, na Mama alisema neno moja tu: "Nimemwona."

Tangu usiku ule nyumba haikuwa tena na utulivu.

Waliotangulia ni mapacha wangu, Kulwa na Doto, ambao wakati huo walikuwa bado shule ya msingi. Kofi alikuwa na wenzake wawili, Big E na Xavier Woods, na kundi lao, New Day, lilikuwa na desturi ya kuwarushia watazamaji chapati za maji. Jumapili moja kikoba chetu kilikuwa kinakutana kwangu, nami nilikuwa nimepika chapati za maji, nimezipanga kwenye hotipoti, nimekwenda kuoga. Niliporudi hotipoti ilikuwa tupu. Kulwa alikuwa amesimama juu ya pipa uani, anawatupia watoto wa jirani ng'ambo ya ukuta, nao wanazidaka kwa mikono miwili huku wakiimba jina la Kofi. Zilizowapita ziliangukia bati la banda la kuku, na kunguru wa Tanga hawahitaji kadi ya mwaliko. Kina mama wa kikoba walifika wakiwa wamejifunika mitandio vichwani kwa kuwahofia kunguru.

Doto naye alikuwa na shughuli yake. Shemeji alikuwa amewaonyesha kipande cha Royal Rumble ya mwaka 2012, pambano ambalo anayerushwa nje ya kamba na kugusa chini kwa miguu yote miwili ndiye aliyetoka. Kofi alitupwa nje akatua kwa mikono, akatembea kwa mikono mpaka kwenye ngazi za chuma, akarudi mchezoni. Doto akaamua kuvuka uani kwa mikono. Alifika katikati, akapinda, miguu ikaangukia kamba ya kuanikia nguo, na mashuka yote ya Mama yaliyokuwa meupe pe yakalala kwenye tope.

Mama aliwaita wote wawili, akawasomea. Aliwaambia chakula hakitupwi, na nguo iliyofuliwa ni jasho la mtu. Aliwapa beseni na sabuni, wakafua wenyewe mpaka vidole vikakunjamana. Walipomaliza, akamwuliza Doto alikuwa amefika hatua ya ngapi.

Mwisho wa Februari dhuluma ikaja. Mwenye kampuni, Vince McMahon, alimwondoa Kofi kwenye nafasi yake ya kugombea mkanda akampa Kevin Owens, pale pale mbele ya watu, siku ya kutia saini mkataba wa pambano. Tarehe 19 Machi akamwekea sharti jipya: awashinde wanaume watano kwa usiku mmoja ndipo apewe nafasi katika onyesho kubwa la WrestleMania. Jumatano ile nyumba nzima ilifanya kazi zake mapema. Hata mume wangu, dereva wa lori, alipiga simu kutoka Tunduma akaomba aachwe kwenye laini asikilize.

Shemeji akaja. Akatia mkono mfukoni. Akatia mwingine. Kisha akakumbuka kwamba flashi alikuwa ameshaikabidhi kibandani alfajiri ile na kuichukua wakati wa chai, na kwamba alipopita nyumbani kula mchana alivua suruali ya kazi akaiweka kwenye tenga la nguo chafu. Wifi yangu alikuwa amefua mchana huo. Tuliikuta flashi mfukoni, safi, inanukia sabuni ya unga.

Tuliifukia kwenye mchele. Tuliianika. Tuliipepea. Ilipochomekwa, runinga haikuonyesha chochote. Shemeji alikimbia kibandani, akakuta pamefungwa. Kijana alikuwa amekwenda msibani Korogwe na hatarudi mpaka mwisho wa wiki.

Hapo ndipo niliyajua mambo mawili kuhusu shemeji yangu. La kwanza ni kwamba alikuwa ameyaona yote tangu mchana kwenye simu ya rafiki yake, na alikuwa ameyabeba kutwa nzima bila kufungua mdomo. La pili ni kwamba huyu huyu aliyekuwa akitukebehi kila wiki, akisema haya ni maigizo, hakukubali mama yake alale bila kuona. Alisukuma meza ukutani. Akavua shati. Akamwomba mamaye ruhusa, akaanza.

Aliwacheza wote. Alikuwa Sheamus mwenye ngozi nyeupe iliyoiva kwa makofi, akawa Cesaro, akawa Rowan yule pande la mtu, na kila mmoja alipomshinda Kofi kidogo shemeji alijitupa chini kwenye mkeka, akanyanyuka kwa goti moja. Akawa Samoa Joe. Akawa Randy Orton, anazunguka taratibu na macho ya nyoka. Simu ya Tunduma ilikuwa juu ya stuli, tunamsikia mume wangu akishusha pumzi. Orton alipohesabiwa tatu, Kulwa na Doto waliruka mpaka taa ikayumba. Watano wamekwisha. Mama alikuwa amesimama.

Shemeji hakusherehekea. Alibaki ameinama, mikono magotini, akasema kwa sauti ya chini kwamba mwenye kampuni ametoka tena. Anasema amebaki mmoja. Anamleta Daniel Bryan, ambaye hajatoka jasho. Na Kofi, ambaye miguu haimbebi tena, anashindwa.

Mama alikaa. Alivuta khanga yake akafuta uso, kisha akasema, "Asante, mwanangu. Umenionyesha vizuri." Nimeyatazama mapambano mengi kabla ya usiku ule na baada yake, yenye taa na fataki na maelfu ya watu, na hilo ndilo ninaloliweka juu ya yote.

Wiki iliyofuata Big E na Woods walipigana badala yake, wakayashinda makundi yote waliyowekewa, na Kofi akarudishiwa nafasi. Tarehe 7 Aprili, WrestleMania ya 35, New Jersey. Kwa Tanga pambano lingeanguka alfajiri ya Jumatatu tarehe 8.

Sasa tuje kwa wifi. Wifi alikuwa amepata mchumba wa Pangani, kijana wa watu, na washenga waliahidi kuleta barua ya posa siku ya Jumapili tarehe 7. Baba mkwe hayupo, hivyo wa kuipokea alikuwa Ami. Alifika kutoka Muheza Jumamosi, na kwa heshima yake akapewa chumba cha Mama chenye samadari. Samadari hiyo Mama aliachiwa na mama yake. Ni ndefu, ina nguzo za kuchongwa, na kuipanda unahitaji kibago.

Siku mbili kabla, mapacha walikuwa wamefunga mlango wa chumba hicho, wakapanda juu ya kabati na kurukia kitandani, mmoja baada ya mwingine, kumfuata Kofi anavyoruka kutoka juu ya kamba. Chaga tatu zilivunjika. Fundi seremala alisema mbao ya mninga itapatikana Jumanne. Shemeji alisema Jumanne ni mbali, akaingiza chini ya godoro matofali sita na debe tupu la mafuta, akatandika, akapiga godoro kwa kiganja akaridhika.

Ami ni mtu mwenye mwili. Usiku wa manane wa Jumapili, masika yakipiga mabati, tulisikia kishindo na kelele za debe. Mume wangu, aliyekuwa amerudi kwa ajili ya posa, alitoka na panga akidhani ni wezi. Tulimkuta Ami ndani ya kitanda, magoti yamemwelekea dari, chandarua kimemfunika mwili mzima. Washenga wenyewe hawakuwa wamefika. Barabara ya Pangani ilikuwa ya vumbi, na mvua zikinyesha haipitiki kirahisi. Walikuwa wametuma ujumbe kuwa watafika Jumatatu.

Asubuhi ya Jumatatu, kwenye chai, Ami alitaka kujua chanzo, na watoto, kwa kuwa tumewafundisha kusema kweli, walisema kweli.

"Mchezo wa uongo," Ami alisema, "umenivunja kiuno cha kweli."

Shemeji aliona mlango umefunguka. Alimweleza kwamba hata wenyewe walikwishakiri. Mwaka 1989 kampuni hiyo iliwaambia maseneta wa New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, si shindano la kweli, ili serikali iache kuisimamia kama ngumi. Ami akamgeukia Mama, "Umesikia, shemeji? Na wewe mtu mzima."

Mama alimmiminia chai. Alisema tamthilia ya Kifilipino ambayo mke wa Ami huililia kila jioni nayo imeandikwa, na hakuna aliyemwita mtoto. Kisha akamweleza Ami jambo ambalo kila shabiki wa siku nyingi analijua. Chini ya turubai la ulingo kuna sifongo nyembamba, chini yake mbao, chini ya mbao vyuma. Anayetupwa lazima aangukie mgongo wote kwa pamoja, kidevu kifuani, mikono imepigwa chini, ili uzito usimalizikie shingoni. Na anayemtupa ndiye anayebeba nusu ya kazi, kwa maana shingo ya mwenzake iko mikononi mwake. "Mshindi wamempanga," Mama alisema. "Kuanguka hakupangiki. Wale wanaaminiana kuliko sisi wa ukoo mmoja tunavyoaminiana kugawana shamba."

Mama alikuwa sahihi, na miaka mitatu baadaye tuliona kwa macho yetu. Machi 2022 Big E alirushwa kwa nyuma nje ya ulingo, akaangukia kichwa, akavunjika shingo. Mpaka leo sijamwona mtu nyumbani kwetu akisema maigizo bila kwanza kumkumbuka.

Ami hakujibu. Alikunywa chai yake, akaenda kukaa barazani na mto mgongoni.

Shida sasa ilikuwa jioni. Flashi ilikuwa imefika tangu saa nne asubuhi, na safari hii shemeji aliifunga kamba akaivaa shingoni. Washenga walifika baada ya magharibi, wanaume wanne na kijana mmoja, nduguye bwana harusi, suruali zimeloa tope mpaka magotini. Tuliwapa maji ya kunawa miguu, kahawa, kashata. Barua ilitolewa ndani ya leso, ikapokelewa. Ami aliisoma kwa sauti ya kuridhisha, akasema yapasayo: wamekuja mahali pema, wazee watakaa, jibu litapelekwa. Wifi alikuwa chumbani na shoga zake, sikio kwenye mlango. Pilau likaja, watu wakala.

Kwa desturi wageni wangeaga hapo. Lakini mvua ilikuwa imezidi, na dereva wao alikataa kurudi usiku. Ami naye hakuwa na pa kwenda. Kitanda chake kilikuwa kimelala chini vipande vipande. Kwa hiyo washenga, Ami, Mama, mume wangu, shemeji, mapacha na mimi tulijikuta sebule moja, tukitazamana, na runinga imezimwa. Heshima ya ukwe ilikuwa imetukaba wote.

Kijana wa washenga ndiye aliyevunja ukimya. Aliona shingoni mwa Kulwa mkanda wa kadibodi uliopakwa rangi ya dhahabu, uso ukamchangamka. "Aa, kumbe hapa kuna mashabiki! Basi jana Kofi—"

Mama aliinua mkono.

"Mwanangu," alisema, "mahari ya binti yangu waweza kuitaja hata sasa hivi, hapa hapa. Hilo usilitaje."

Kijana alijiziba mdomo kwa kofia yake. Mshenga mkuu, mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye jioni nzima alikuwa amesema Kiswahili cha vitabuni, alikohoa, akauliza kama ni kweli yule wa Ghana alikuwa na pambano, na kama ipo namna ya kuliona. Shemeji alivua flashi shingoni.

Daniel Bryan aliingia na mkanda wake wa katani na mbao, kwa maana alikuwa akijinadi kuwa mlinzi wa mazingira na mkanda wa ngozi alikuwa ameutupa kwenye pipa la taka. Kofi akaingia na wenzake wawili. Ami alikuwa amegeuza kiti upande. Baada ya muda aliuliza bila kugeuka, "Huyu ni wa wapi?"

"Ghana," Mama alisema. "Kazaliwa huko huko. Na wanamtangaza hivyo."

"Hana mkuki?"

"Hana. Wala hajapakwa rangi."

Kiti kiligeuka. Pambano lilizidi dakika ishirini. Bryan alimkanyaga, akamfunga uso kwa mikono, akamvuta nyuma mpaka mapacha wakafumba macho. Kofi alitoka. Mshenga mkuu alikuwa amevua koti. Kofi alipopiga lile teke lake la kuzunguka na kumwangukia Bryan, sebule nzima ilihesabu pamoja na mwamuzi, moja, mbili, tatu, wakwe na wakwe, na mlango wa chumbani ukafunguka, wifi akatoka mzima mzima mbele ya wageni ambao hakupaswa kuwatokea, anapiga vigelegele.

Hakuna aliyemkemea. Kwenye runinga Big E na Woods walikuwa wanaweka kando mkanda wa katani, wanamvalisha Kofi ule wa dhahabu, kisha watoto wake wawili wakaingia ulingoni, naye akawakumbatia. Ami alitazama mpaka picha ikabadilika. Wiki ile ile, miaka arobaini nyuma, yeye na kaka yake walikuwa njiani kuelekea Kampala, na mji ulianguka tarehe 11. Alisema, "Shemeji, kaka angekaa mpaka mwisho." Halafu akamwambia shemeji yangu, "Rudisha pale kwenye teke."

Jibu la posa lilitolewa usiku huo huo, bila kungoja kikao. Ami alisema watu waliokwisha hesabu pamoja hawana haja ya kuchunguzana zaidi.

Kofi alikaa na mkanda siku 180. Tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule Brock Lesnar alimnyang'anya kwa sekunde chache tu, hata kabla hatujakaa sawa. Wifi, wakati huo mke wa mtu, alipiga simu kutoka Pangani analia. Shemeji alisema afadhali tuache kutazama. Mama alimwambia anayeondoka siku ya kushindwa hakuwa shabiki, alikuwa mpita njia, na wiki iliyofuata flashi ililetwa. Hilo ndilo ninalolipenda katika onyesho la kila wiki. Halina mwisho wa kukuruhusu kuondoka. Linakulazimisha kukaa na mtu unayempenda anapopanda, anaposahauliwa, na hata anapokukosea.

Na Kofi alitukosea. Desemba 2024, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya New Day, yeye na Woods walimfukuza Big E mbele ya umati, wakamwambia aliwatelekeza baada ya kuumia. Mama aliomba runinga izimwe. Mapacha, ambao sasa ni vijana wa sekondari, wamegawanyika tangu siku hiyo. Kulwa anasema Kofi amechoka kuwa mwema bila malipo na ana haki ya kukasirika. Doto anasema mwenye shingo iliyovunjika hafukuzwi. Wanabishana wakila, wanabishana wakipiga mswaki, na Ami hupiga simu kutoka Muheza kumwunga mkono Doto. Mama ametoa uamuzi wake: hatamsamehe Kofi mpaka amwombe Big E radhi hadharani, kwenye ulingo ule ule. Shemeji akamkumbusha kuwa hayo yote yanaandikwa na watu ofisini.

"Basi waandike," Mama alisema. "Mimi nipo, nasubiri."